Mchumba wa Nanga

Mwanamke aliyeingia kwenye duka la ushonaji Ijumaa ile mchana hakuwa na uzuri wa kutisha. Fundi alimpitishia macho mara moja, utosini hadi kisiginoni, akamshukuru Mungu. Akamtazama tena, na shukrani zikamkaukia mdomoni. Uzuri wa mwanamke yule haukuwa wa sura, ulikuwa wa mabega. Ulikuwa wa namna alivyosimama mlangoni, wima, bila kuegemea kitu, kama mtu ambaye mwili wake haujawahi kumsumbua hata siku moja.

"Wewe ndiye Fundi?" aliuliza akitabasamu. "Nimesikia habari zako mpaka naona kama nakujua. Mimi ni Daktari, daktari wa meno. Tunaogelea pamoja na mchumba wako."

Tunaogelea.

Neno lile lilimchoma Fundi kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo. Maana kwa muda mrefu sasa alikuwa anaishi na hilo "tu" la "sisi" kama mtu anayeishi na mbu ndani ya chandarua. Mchumba wake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, mnene kiasi, aliyependa kiti chake na chai yake, hadi mwaka uliopita daktari wa hospitali alipomwambia kuwa moyo wake unafanya kazi ya mioyo miwili. Mwalimu akatoka pale akaanza kutembea. Kutembea kukazaa kukimbia, kukimbia kukazaa baiskeli kuukuu iliyokuwa ikilia kwenye kila mlima, na baiskeli ikamzalia wazimu kamili: akajiandikisha mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo. Unaogelea karibu kilomita mbili, unatoka majini unapanda baiskeli kilomita tisini, ukishuka unakimbia ishirini na moja.

"Bila hata kukaa kunywa chai?" Shangazi yake Fundi aliuliza siku aliposikia.

"Bila kukaa, Shangazi."

"Na anayekufukuza ni nani?"

Kwa ajili ya mashindano hayo harusi yao ilisogezwa mbele. Siku wazee wa pande zote mbili walipoitwa kuelezwa sababu, mjomba wa Fundi aliuliza mara tatu kama amesikia vizuri. Fundi alimtetea mchumba wake mbele ya ukoo mzima. Alisema mtu anayepigania uhai wake hakatazwi. Lakini tangu Mwalimu ajiunge na klabu ya waogeleaji, alikuwa amepoteza "ni" yake. Hasemi tena niliamka, nilichoka, nilicheka. Ni tuliamka, tulichoka, tulicheka. Akiulizwa "Ninyi na nani?" anajibu "Sisi wa klabu," kisha anaomba kuongezwa wali.

Na sasa klabu yenyewe ilikuwa imesimama mlangoni, na mfuko wa plastiki mkononi.

"Karibu ndani," Fundi alisema. "Una kazi gani?"

Daktari akatoa nguo ya mashindano, kipande kimoja cheusi chenye mistari ya samawati, kitambaa kinachovutika kama ngozi. Alikuwa ameinunua kwa mwenzake aliyemzidi mwili. Kiunoni ilikuwa inaingiza maji na kumvuta nyuma, na kwapani ilikuwa inamchubua. Fundi akamwonyesha pazia la kubadilishia nguo. Alipotoka ameivaa, Shangazi, aliyekuwa kwenye kiti chake dirishani akitunga shanga, aliacha shanga moja ikabingirika hadi chini ya kabati, wala hakuinama kuitafuta.

"Inua mikono," alisema Fundi, futi shingoni, pini midomoni.

Daktari akainua. Chini ya kwapa ngozi ilikuwa na alama nyekundu kama mtu aliyeungua na pasi.

"Hapa ndipo inaponila. Nanga ndiye aliyeiona kwanza. Akaniambia, mpelekee Fundi wangu, mkono wake haukosei."

"Nani aliiona?"

"Nanga. Mwalimu wako." Daktari akacheka kicheko chepesi. "Hajakuambia? Siku ya kwanza alishuka moja kwa moja hadi chini ya bwawa, miguu kwanza, mashavu yamejaa pumzi. Tukamwita Nanga. Sasa hivi hata ukimwita Mwalimu hageuki."

Heri pini zilikuwepo mdomoni, maana yaliyotaka kutoka yasingerudishika. Miaka mitatu Fundi alikuwa amempa mtu yule majina yote ambayo mwanamke humpa mwanamume wake, ya mbele za watu na ya faragha, naye alikuwa ameyaitikia. Kumbe alikuwa na jingine. Kumbe kulikuwa na mahali huyu mwanamke mwenye mabega alimwita kwa jina ambalo yeye hajawahi kulisikia, na akageuka. Na hilo kwapa! Mtu hawezi kuliona kwapa la mwenzake kwa bahati mbaya. Kwapa hutazamwa.

Akapiga magoti kupima paja. "Huko asubuhi mnaogelea wangapi?"

"Klabu ni watu kama kumi na wawili, ila wenzetu wana kasi, wanakwenda upande wa kina kirefu. Kina kifupi tunabaki wawili, mimi na yeye."

"Wawili."

"Mimi namshika kichwa apumue vizuri. Alikuwa anainua kichwa kama kobe." Macho ya Daktari yalikuwa yametua kwenye gauni jeupe lililovikwa sanamu pembeni, lile Shangazi alilokuwa akilitungia shanga. "Gauni zuri sana hili. La nani?"

"La bibi harusi," alisema Shangazi.

"Bibi harusi gani?"

"Huyo anayekupima kiuno."

Fundi aliinua uso, akamwona Daktari ndani ya kioo. Tabasamu halikuondoka, ila lilibaki peke yake, macho yalikuwa yameshaliacha. Ilikuwa ni kufumba na kufumbua tu, lakini mwanamke anayependa hahitaji zaidi ya hapo. Fundi akatoa pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa alichofunga mkononi.

"Unampenda," alisema. Hata hakuuliza.

Shangazi aliacha kutunga.

"Nilimpenda, ndiyo," Daktari alisema. "Bado nampenda kidogo. Samahani, dada. Mimi nilijua unajua. Nilimwambia mwenyewe, siku tuliyorudi safari ile ndefu ya baiskeli. Akanijibu palepale kwamba ana mchumba, na anampenda mchumba wake. Nikamwambia basi mwambie, asije akasikia kwa watu. Akasema atakuambia jioni ileile."

"Jioni ipi?"

"Wakati wa zile mvua kubwa."

Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha zamani, hata matope yake yalishageuka vumbi. Fundi aliikumbuka jioni yenyewe. Mwalimu alikuja kwake amelowa chapachapa, akala sahani mbili, akamsimulia habari ya gurudumu lililopasuka, mwanzo hadi mwisho. Yeye alimkausha kichwa kwa taulo huku akicheka.

"Nivue?" Daktari aliuliza kwa sauti ndogo. "Naweza kuipeleka kwa fundi mwingine."

"Simama hapohapo," alisema Fundi. "Sijamaliza kiuno."

*

Mwalimu alikuja jua likiwa bado halijazama, kofia ya baiskeli mkononi, paji la uso lina alama ya mkanda wake. Alikuwa anapiga mluzi.

"Karibu, Nanga," alisema Fundi.

Mluzi ukakatika. Mwalimu akamtazama mchumba wake, akamtazama Shangazi, akatazama nguo nyeusi juu ya meza ya kukatia, akaelewa hesabu yote mara moja.

"Amekuambia."

"Ndiyo, ameniambia yeye. Mgeni. Mbele ya kioo changu mwenyewe, mimi nimepiga magoti miguuni pake."

"Mpenzi, nilimkataa. Muulize."

"Sihitaji kumuuliza, amesema. Ulimkataa jioni, asubuhi yake ukaenda kuoga naye."

"Kuogelea."

"Maji ni yaleyale!"

Shangazi akakohoa ndani ya shanga zake.

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi alisogea karibu. Alitaka kumwona machoni, na alichukia kwamba hata sasa, hata akiwa na hasira hii, alikuwa anaona jinsi shingo yake ilivyochongeka na shati lilivyompendeza. Nani mwingine alikuwa ameyaona hayo kabla yake? Nani alikuwa ameyaona yakianza?

"Ungeniambia niache."

"Ndiyo, ningekuambia uache!"

"Basi ndiyo maana." Mwalimu alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaiweka kofia magotini. "Nilijaribu kufundishwa na wengine. Wote wananiambia jipe moyo, jipe moyo. Yeye peke yake ndiye aliyekaa akaniuliza naogopa nini nikiwa majini."

"Na unaogopa nini?"

Mwalimu akaigeuza kofia, akaanza kukaza mkanda wake.

"Unaona?" Fundi alisema, na hapo ndipo machozi yalipomzidi. "Hata hilo analo yeye. Kwapa lake unalijua, jina lako analo, hofu yako anayo. Mimi nina nini? Nina sahani zako chafu na mjomba wangu anayeniuliza harusi lini!"

"Usiseme hivyo."

"Toka, Mwalimu."

"Na harusi?"

"Kaiulize klabu."

Alitoka. Walisikia baiskeli ikilia hadi kwenye kona. Shangazi aliweka sindano chini, akakunja mikono kifuani.

"Mwanamume anayenyoa miguu," alisema. "Nilikuambia siku ya kwanza."

"Shangazi, tafadhali."

"Lakini hata mimi, katika ile ndoa yangu iliyokufa, yule bwana hakunyoa hata ndevu, baiskeli hakuijua, majini hakuingia. Na bado alikwenda na mwanamke wa jirani." Akaiokota sindano. "Kwa hiyo miguu si hoja. Hoja ni kwamba huyu wako alikataa, akaficha alichokikataa kama mwizi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hilo ndilo la kumuuliza."

*

Jumamosi asubuhi Fundi alifungua duka peke yake, akaketi mashineni na ile nguo.

Kwenye droo alikuwa na kibonge cha uzi mweusi wa zamani, uliokaa dirishani ukaivishwa na jua hadi ukawa hauna nguvu. Ukiutazama ni uzi. Ukiuvuta kidogo unakatika kama tambi. Aliutia mashineni. Alijiambia anaujaribu tu. Akashona ubavu mmoja, mshono umenyooka, mzuri, mtu asingejua. Ungevumilia mlangoni, ungevumilia kwenye kioo. Lakini siku ya mashindano, baada ya mikono kuzungushwa mara elfu ndani ya maji, Daktari angeinuka ufukweni mbele ya umati mzima na nguo ingeachana kuanzia kwapani hadi nyonga.

Fundi aliliona tukio hilo vizuri sana, akalifurahia. Akaona watu wakigeuka. Akaona Daktari akijishika. Kisha, kwa kuwa mawazo ya mwenye wivu hayajui kusimama pale pazuri, akaona ni nani anayemkimbilia Daktari na taulo. Akamwona Mwalimu akilizungusha lile taulo kwenye mabega yale.

"Hapana," alisema kwa sauti.

Akaufumua mshono wote kwa wembe, akatia uzi mpya wa nailoni, akashona mara mbili, na kwapani akaweka kipande laini ndani ili isimchubue tena mtu, wala kwapa lisitazamwe tena na mtu. Nguo ile sasa isingefumuka hata ivutwe na ng'ombe.

Daktari alikuja kuichukua mchana. Aliijaribu, akainua mikono, akaizungusha.

"Sijawahi kuvaa kitu kilichonikaa hivi," alisema. Alipomaliza kubadilisha hakuondoka. Alisimama akizungusha funguo za gari kidoleni. "Fundi, nimemwambia Nanga—nimemwambia Mwalimu siogelei naye tena. Tulikosea wote wawili, mimi kubaki na yeye kunyamaza. Lakini kuna jambo. Kesho asubuhi anakwenda bwawa kubwa, lile la maji ya mji, kuogelea umbali wote kwa mara ya kwanza kabla ya mashindano. Atakwenda peke yake, maana ni mbishi. Mtu yule bado hatakiwi kuwa peke yake kwenye kina. Nakuambia kama daktari."

"Wa meno," alisema Shangazi.

"Wa meno," Daktari alikubali, akatabasamu kwa huzuni, akaenda zake.

*

Fundi alikwenda. Njiani alijiambia anakwenda kwa sababu hataki mtu afe kwa ubishi. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Alipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama kila gari lililoegeshwa kwenye nyasi, moja baada ya jingine. La Daktari halikuwepo. Akazunguka na nyuma ya kibanda cha mlinzi kuhakikisha.

Mwalimu alikuwa ufukweni amevaa kofia ya mpira ya njano, miwani ya kuogelea imekaa juu ya paji la uso kama macho ya chura, anabishana na mlinzi.

"Bila boti ya kukusindikiza huvuki lile boya," mlinzi alikuwa anasema. "Sheria si yangu. Nikikuruhusu ukazama, mimi ndiye nitakayejaza fomu."

"Nitamsindikiza mimi," alisema Fundi.

Wanaume wote wawili wakageuka. Uso wa Mwalimu ukaangaza kama mtoto aliyefutiwa adhabu, kisha akamwona vizuri mchumba wake na mwanga ukapungua.

"Unajua kupiga makasia?" mlinzi aliuliza.

"Sijui."

Mlinzi akamvalisha jaketi la kuelea, akamkalisha kwenye kiboti kilichopauka rangi, akamwonyesha. "Vuta, mama. Usiyapige maji, hayajakukosea."

Mwanzoni kiboti kilizunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake. Taratibu kikanyooka. Mwalimu aliogelea ubavuni, polepole, mikono ikipanda na kushuka, uso ukigeuka upande wa boti kila baada ya mipigo kadhaa kuvuta hewa. Fundi alimtazama. Hakuwa amewahi kumwona akiogelea. Alikuwa amemdhania nanga kweli, na kumbe alikuwa anateleza vizuri, na uzuri ule ulikuwa na alama ya mkono wa mtu mwingine kila mahali: kichwa hakikuinuka kama cha kobe. Kichwa kile kilishikwa.

"Alikufundisha vizuri," alisema.

Uso ukageuka, ukavuta hewa, ukarudi majini.

"Nasema alikufundisha vizuri! Alikushika wapi tena?"

"Nini?" Uso ukarudi majini.

"Nimelala siku mbili sijapata usingizi! Nimeshona nguo yake kwa mikono yangu! Wewe ulipokula wali wangu siku ile ya mvua, ulikuwa unamwaza nani?"

"Sisi—" hewa, maji, "—kii!"

Ulikuwa ugomvi wa ajabu kuliko wote waliowahi kugombana. Yeye alisema yote, mwenzake akasikia robo. Kila uso wa Mwalimu ulipogeuka ulikutana na neno moja likiwa limekatwa kichwa na mkia: "kwapa!", "mjomba!", "mvua!" Na Fundi, mikono ikimwaka moto kwenye makasia, aligundua kwamba ni rahisi kumwambia mtu kila kitu akiwa hawezi kujibu.

Walipofika katikati, mahali ambapo maji hugeuka rangi na kuwa meusi, mikono ya Mwalimu ikakosa mpangilio. Akainua kichwa. Akapiga maji. Akakirukia kiboti, akakishika ukingo kwa mikono yote miwili hadi kikayumba, akiwa amekodoa macho nyuma ya miwani.

"Ni nini? Umeumia?"

"Subiri." Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa. "Subiri tu."

Fundi aliacha makasia. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa ilikuwa imesimama kando, ikiangalia.

"Unaogopa nini?" aliuliza. "Niambie mimi."

Mwalimu aliivua miwani. Alama zake zilimfanya aonekane mzee. "Moyo," alisema. "Nikiwa ardhini siusikii. Nikiweka masikio majini nausikia ukigonga, na kila ukigonga nadhani huo ndio wa mwisho. Baba alikuwa na umri huu wangu. Aliinama kufunga kiatu, hakuinuka."

"Uliniambia baba yako alikufa kwa ajali."

"Niliwaambia watu wote hivyo."

"Isipokuwa yeye."

"Isipokuwa yeye. Nisikilize. Wewe ndiye utakayekuwa mjane wangu. Ningewezaje kukuambia wewe? Ungenihurumia, au ungeondoka, na yote mawili nisingeyaweza. Yeye ni rahisi kumwambia. Yeye kwangu si kitu."

"Usimwite si kitu," alisema Fundi kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. "Nimempima yule. Ni mtu. Alikupenda, akaniambia usoni, kitu ambacho wewe mwanamume mzima kilikushinda."

Mwalimu akainamisha kichwa hadi kikagusa ukingo.

"Na ulifurahi?" Fundi aliuliza. "Alipokuambia anakupenda. Usinidanganye, uko kwenye maji marefu."

Ndege mmoja mweupe akapita chini kwa chini juu ya maji.

"Kidogo," alisema Mwalimu.

"Kidogo kiasi gani?"

"Nilipanda ule mlima wa mwisho bila kubadilisha gia."

Fundi alilishika kasia kwa nguvu, akafikiria kwa dhati kabisa kumpiga nalo kichwani, juu ya ile kofia ya njano. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka huku analia, na kicheko kilimuuma kuliko kilio, kwa sababu mlima wenyewe aliujua. Alikuwa amemwona akiupanda mara nyingi ameshuka, anaisukuma baiskeli.

"Nikiacha haya mashindano," alisema Mwalimu taratibu, "utanisamehe? Sema tu. Naacha leo. Narudi nawe ndani ya hiki kiboti."

Alikuwa anasema kweli, na Fundi aliona hivyo. Lilikuwa neno moja tu. Asubuhi zote zingerudi kuwa zake, pamoja na shingo ile na mabega yale mapya, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, asiyaone mtu. Wivu wake wote ulisimama ukanyoosha mkono kulipokea neno hilo.

"Ukiacha," alisema, "nitakuwa na makosa mawili ya kukusamehe. Na hilo la kwanza bado hata sijalianza."

"Basi nifanye nini?"

"Achia boti."

"Bado kidogo."

"Nakuona. Sijui kuogelea, lakini nina kasia, na nina sauti. Ukizama nitakutoa hata kwa sikio. Na siku ukisikia moyo wako unagonga vibaya, utaniambia mimi, usiku au mchana, nikuhurumie nitakavyo mwenyewe. Huruma yangu si ya kupangiwa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mwanamke mwingine akikuambia anakupenda, nitasikia siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo."

"Achia."

Alivaa miwani. Akatoa mkono mmoja. Kisha vidole vya mkono wa pili, kimoja kimoja, kama mtoto anayeachishwa khanga ya mama. Kwa kitambo alibaki anaelea hivi hivi, uso juu. Halafu akageuka, akauweka uso ndani ya maji, akaenda.

Fundi alimfuata hadi ng'ambo, kisha njia nzima ya kurudi. Sasa hakusema neno. Malengelenge yalipasuka viganjani, mgongo ukamkaza, na mwenzake akazidi kumwacha nyuma, hadi kofia ya njano ikawa kitone, hadi ikainuka ufukweni na kuwa mtu anayetambaa kwenye matope na kulala chali, kifua kikipanda na kushuka.

Yeye alibaki majini. Hatua chache tu kutoka nchi kavu, lakini hakujua namna ya kukiegesha kiboti. Kila alipovuta, upepo mdogo ulikirudisha. Alijaribu upande huu, akajaribu ule, kikaanza tena kuzunguka. Mlinzi alikuwa amekwenda kibandani kwake. Fundi akaweka makasia chini, akakaa, amechoka, amelowa, ametazama mbali ili mtu asione uso wake.

Alisikia maji yakigawanyika. Akageuka. Mwalimu alikuwa amesharudi ndani, maji yamempita kiunoni, kifuani, kisha miguu yake ikakosa chini na akaogelea mipigo ya mwisho bila miwani, kichwa juu, vibaya kabisa, kama kobe.

"Rudi!" Fundi alipiga kelele. "Hapo ni kina!"

"Najua," alisema, akiishika kamba ya kiboti. Akaitia kamba menoni, akageuka kuelekea ufukweni, akaanza kuvuta.

Fundi alimtazama mgongo. Bado alikuwa na wivu, na alijua atakuwa nao siku ya mashindano, na pengine siku ya harusi, katikati ya vigelegele. Hilo lilikuwa lake, atajua la kufanya nalo. Aliinama mbele, akaliondoa jani lililogandia kwenye kofia ya njano.

"Nitamwambia mjomba," alisema, "kwamba tarehe haisogezwi tena."

Mwalimu hakuweza kujibu, mdomo ulikuwa umeshika kamba. Alizidi tu kuvuta.